Elfu kumi mezani: kaya ya Mbagala ambayo kodi yake ya nyumba iliishia dukani

"Nakuachia elfu kumi kila siku, inakwenda wapi?" Katika kaya hii swali hilo lilikuwa likiulizwa kuanzia tarehe 18 hivi ya kila mwezi, siku Mangi wa duka la kona anapoanza kutaja deni lake mbele ya wateja wengine. Baba aliamini mama ana mkono mwepesi wa kutumia hela. Mama aliamini baba anaficha sehemu ya mshahara. Hakuna aliyekuwa amekaa chini akapiga hesabu, na hesabu ndiyo iliyokuja kuwatoa wote wawili lawamani.

Chukua kaya ya watu watano, Mbagala, Dar es Salaam. Baba ameajiriwa kiwandani kwa mkataba, mama yuko nyumbani. Mtoto mkubwa yuko darasa la sita, wa kati la pili, mdogo ana miaka miwili. Wamepanga chumba na sebule kwa Sh 80,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anapokea miezi sita kwa mkupuo, yaani Sh 480,000 kila Januari na Julai. Bei zote zinazofuata ni za kaya hii katika miezi ya kisa hiki. Za kwako zitapishana, kwa hiyo shika njia ya hesabu kuliko tarakimu.

Tuanze na mshahara, maana ugomvi mwingi unaanzia hapo. Mkataba unasema Sh 720,000, na mama alikuwa amewahi kuuona. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, Sh 72,000, inabaki Sh 648,000 ya kukatwa kodi ya mapato, PAYE. Sh 270,000 za mwanzo hazikatwi kitu. Sh 250,000 zinazofuata zinakatwa asilimia 8, ambayo ni Sh 20,000. Sh 128,000 za juu zinakatwa asilimia 20, ambayo ni Sh 25,600. Jumla ya PAYE ni Sh 45,600. Kinachoingia benki ni Sh 602,400. Tofauti ya karibu laki na ishirini kati ya mkataba na benki ndiyo mama aliyokuwa akiihesabu kama "hela inayofichwa". Karatasi ya mshahara ikiwekwa mezani mara moja tu, shaka hiyo inakufa, na bila kufa kwake hakuna bajeti itakayodumu nyumba ile.

Kutoka kwenye Sh 602,400, baba anapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, Sh 2,400 kwa siku, siku 26, jumla Sh 62,400. Chakula cha mchana kazini Sh 3,000, jumla Sh 78,000. Umeme wa LUKU Sh 15,000, maji Sh 12,000, wazazi kijijini Sh 30,000, vocha Sh 10,000. Inabaki Sh 395,000. Ondoa elfu kumi za kila siku kwa siku 30, inabaki Sh 95,000. Weka kodi Sh 80,000 pembeni, unabaki na Sh 15,000 za dawa na michango.

Kwenye karatasi, basi, kaya hii inatosheka. Ndiyo maana baba hakuona kosa lake. Lakini kodi ya Januari ililipwa hivi: akiba ya miezi sita ilikuwa Sh 80,000 tu, malipo ya kazi za ziada za Desemba yakaongeza Sh 150,000, na Sh 250,000 zilizobaki zilitoka kwenye cherehani ya mama. Iliuzwa. Julai isingekuwa na cha kuuza.

Daftari la siku thelathini

Kilichofanyika kwanza ni kuandika, bila kubadili chochote. Hili watu wengi wanalikosea: wanaanza kubana siku ileile wanayoanza kuandika, halafu daftari linaonyesha mwezi wa kujikaza badala ya mwezi wa kawaida. Daftari likafungwa kwa uzi kwenye msumari wa mlango wa jikoni, kalamu ikiwa imefungwa nalo. Kila senti inaandikwa ilivyotoka: kitu, kiasi, bei. Kilichochukuliwa kwa deni kinaandikwa siku kilipochukuliwa, si siku kilipolipwa. Mtoto anayetumwa dukani anarudi na kuandikisha kabla hajakaa, maana chenji za mia mia ndizo zinazosahaulika.

Baada ya siku 30, matumizi ya jikoni yalikuwa hivi:

Genge (mboga, nyanya, vitunguu, dagaa, samaki, nazi): Sh 105,000
Mkaa wa kopo, makopo mawili ya Sh 1,000 kwa siku: Sh 60,000
Mchele kilo 18 kwa Sh 2,800: Sh 50,400
Vitafunwa vya asubuhi: Sh 45,000
Sembe kilo 20 kwa Sh 1,600: Sh 32,000
Mafuta ya kupima: Sh 30,000
Sabuni, majani ya chai, chumvi, kiberiti na vidogo vidogo: Sh 22,400
Maharage kilo 6 kwa Sh 3,200: Sh 19,200
Sukari kilo 5, robo kwa Sh 800: Sh 16,000

Jumla ni Sh 380,000, wakati meza, yaani elfu kumi za kila siku, ni Sh 300,000. Pengo la Sh 80,000 ndilo deni la Mangi la kila mwezi, na ni sawasawa na kodi ya nyumba. Mshahara ukiingia, Sh 80,000 ilitoka kulipa duka, na ile iliyopangwa kuwa ya kodi karibu haikuwekwa kabisa. Miezi sita familia ilikuwa inakula kodi kidogo kidogo kwa vipimo vya mafuta na robo za sukari, bila mtu kuona siku hata moja ya ufujaji. Ukisoma daftari lile utafute anasa, hupati. Hakuna soda, hakuna chipsi, nyama iliingia mara tatu tu. Kumwambia mama wa nyumba ile "abane" ni kumwonea.

Daftari lilitoa na jambo jingine. Ndani ya Sh 3,500 za genge za kila siku, Sh 300 hivi hazikuwa za mboga. Mama alikuwa akizitenga ili kila Jumamosi apeleke hisa moja ya Sh 2,000 kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, na hakumwambia baba watoto. Wapo wanaoita hili wizi wa nyumbani. Hesabu inasema vingine: hisa 52 za mwaka ni Sh 104,000 kabla ya faida, zinazogawanywa Desemba, na ndizo zinazonunua sare, viatu, mabegi na madaftari ya watoto wawili Januari. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini mtoto haendi darasani bila viatu. Akiba pekee iliyokuwa hai katika kaya ile ilikuwa imefichwa kwenye nyanya. Ilichohitaji ni kupewa mstari wake kwenye bajeti, iitwe kwa jina lake, isiguswe.

Kwa nini elfu kumi ya kila siku ni ghali

Anayepokea elfu kumi asubuhi ananunua kwa bei ya elfu kumi. Hawezi kununua dumu wala mtungi wa gesi, kwa hiyo analipa bei ya rejareja ya mwisho kabisa, siku zote 30. Mfano mzuri ni mafuta. Kipimo cha Sh 500 ni kijichupa kinachojazwa mpaka shingoni mbele ya macho yako, na kinaonekana kingi. Vipimo sita vikamiminwa kwenye chupa ya maji ya nusu lita, na havikufika kwenye shingo: kila kimoja ni kama mililita 80. Sh 3,000 zimenunua chini ya nusu lita, maana yake lita inapita Sh 6,000. Dumu la lita 5 lilikuwa Sh 26,000, yaani Sh 5,200 kwa lita.

Hata hivyo, si kila kitu kinastahili kujumuliwa, yaani kununuliwa kwa wingi, na hapa washauri wengi wanawapotosha kina mama. Sembe kwa mifuko miwili ya kilo 10 ni Sh 29,000 badala ya Sh 32,000, nafuu ya Sh 3,000 tu. Sukari kilo 5 kwa mkupuo ni Sh 14,500, nafuu ya Sh 1,500. Mchele ukinunuliwa soko la Tandale kwa Sh 2,400 unaokoa Sh 7,200, lakini nauli ya kwenda, kurudi na mzigo inakula sehemu yake. Nafuu kubwa kuliko zote haiko kwenye chakula, iko kwenye moto.

Mkaa wa Sh 60,000 ni zaidi ya mchele wa nyumba nzima. Makopo mawili kwa siku yanawaka kwa sababu jiko likishawashwa kwa chai ya asubuhi linaungua lenyewe hadi majivu, kisha linawashwa upya mchana. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ulijazwa kwa Sh 24,000, na ukipikia chai, ugali, wali na mboga tu unafika wiki nne. Maharage hayapikwi kwenye gesi hiyo. Hayo yanabaki kwenye mkaa, mara mbili kwa wiki, mara tisa hivi kwa mwezi, Sh 18,000. Jumla Sh 42,000 badala ya Sh 60,000. Kikwazo ni kuanza: mtungi pamoja na kichwa cha jiko na gesi ya kwanza ulikuwa Sh 50,000, na hakuna siku ambayo elfu kumi ya mezani inaweza kutoa hiyo. Ukinunua au kubadilisha mtungi, mwambie muuzaji aupime kwenye mizani mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe; ongeza 6, na mizani isome hivyo. Pasipo mizani, nenda duka jingine.

Kuvuka kutoka siku kwenda mwezi

Hesabu kamili ya mpango mpya ilikuwa hii. Vikavu vya mwezi kwa mkupuo: mchele Sh 43,200, sembe Sh 29,000, mafuta Sh 26,000, maharage Sh 16,800, sukari Sh 14,500, sabuni na vidogo vidogo Sh 20,000, bajaji ya mzigo Sh 5,000. Jumla Sh 154,500. Moto Sh 42,000. Genge Sh 105,000, ikiwemo hisa ya kikoba. Vitafunwa Sh 30,000, kwa kukaanga maandazi nyumbani siku tatu za wiki na uji siku nyingine. Meza nzima ni Sh 331,500. Tazama vizuri: hata baada ya nafuu zote, Sh 300,000 haikutosha. Elfu kumi kwa siku ilikuwa ndogo tangu mwanzo.

Kwa hiyo sehemu nyingine ilitoka upande wa baba. Chakula cha kazini cha Sh 3,000 kikapunguzwa hadi siku 13, siku 13 nyingine anabeba hotpoti. Cha kubeba kinaongeza kama Sh 1,000 kwa siku jikoni, kwa hiyo meza inakuwa Sh 344,500, na hoteli ya mchana inashuka hadi Sh 39,000. Baada ya nauli, LUKU, maji, wazazi na vocha, zinabaki Sh 89,500. Kodi Sh 80,000, akiba ya dharura Sh 9,500. Ni nyembamba, lakini ni ya kweli.

Tatizo ni kwamba mpango kama huu hauwezi kuanza mwezi mmoja. Siku ya mshahara kuna Sh 80,000 za Mangi zinasubiri, Sh 154,500 za vikavu na Sh 50,000 za mtungi, zote kwa pamoja. Kaya nyingi zinajaribu yote kwa mara moja, fedha ya genge inaisha tarehe 15, wanarudi kukopa, na wanasema kujumua hakufai. Hapa ilichukua miezi minne.

Machi: baba na mama walikwenda pamoja kwa Mangi. Kwenda pamoja ni muhimu, maana deni la mama peke yake linaonekana la siri. Wakakubaliana deni lilipwe Sh 40,000, kisha Sh 20,000 mara mbili, na kitabu kifungwe: hakuna kuchukua tena. Wakanunua kwa mkupuo mafuta, sembe na sukari tu, Sh 69,500. Vingine viliendelea kama zamani, isipokuwa hotpoti na maandazi vilianza hapo hapo. Kodi ikawekwa Sh 20,000.

Aprili: mtungi wa gesi. Kodi Sh 30,000. Mei: mchele, maharage na sabuni vikaingia kwenye mkupuo, deni la Mangi likaisha, kodi Sh 65,000. Juni: mpango kamili, kodi Sh 80,000. Jumla Sh 195,000.

Kodi inatunzwa wapi? Si kwenye simu ya baba, ambayo ndugu wote wanajua ina salio tarehe mbili. Ilipelekwa kwenye akaunti ya benki isiyo na kadi, siku ileile ya mshahara, kabla ya kwenda sokoni. Fedha ya genge ndiyo pekee iliyoendelea kutolewa kwa vipande, Sh 24,500 kila Jumapili badala ya kila asubuhi, ili Jumatano yenye bei mbaya ifidiwe na Alhamisi.

Yaliyoharibika njiani

Dumu la kwanza la mafuta liliisha siku ya 19. Hakuna aliyeiba. Dumu likikaa karibu na jiko, mkono unamimina kama lisilo na mwisho. Dawa yake ilikuwa chupa ya lita moja: inajazwa kila baada ya siku sita, dumu linarudi juu ya kabati. Chupa tano, siku 30. Mchele ukapewa kikombe chake, cha mililita 250, kinachobeba karibu gramu 200. Vikombe vitatu ni chakula cha siku, na kikombe hakitoki ndani ya ndoo ya mchele.

Nyanya zilijumuliwa mara moja tu. Ndoo nzima ya sado ilionekana rahisi sokoni, siku ya nne nusu yake ilikuwa maji. Bila friji, kwa joto la Dar, genge ni la kununua kila siku au siku mbili, na bei ya fungu ya jirani ni halali yake. Vitunguu vinavumilia vikitandazwa penye hewa.

Maharage yalichacha mara mbili mwezi wa Mei. Gramu 650 kavu, zilizolowekwa usiku, zinatosha chakula cha jioni na mchana wa kesho yake, lakini mama alikuwa akiyaunga yote kwa nazi jioni. Tui ndilo linaloharakisha kuharibika. Yanachemshwa matupu, yanagawanywa, ya jioni yanaungwa kwa nazi, na ya kesho yanachemshwa tena kabla ya kulala, yanafunikwa na hayakorogwi mpaka mchana. Maharage makavu ya akiba nayo yaanikwe juani siku nzima kabla ya kuingia kwenye ndoo yenye mfuniko, la sivyo fukusi wanamaliza kilo moja bila kuonekana.

Halafu kuna majirani. Mfuko wa sembe ukionekana unashuka kwenye bajaji, "nisaidie nusu kilo nitarudisha" inaanza jioni ileile. Kukataa kila mtu hakuwezekani na si utu, maana siku ya homa ya mtoto ni jirani huyohuyo anayebisha hodi. Wakaweka kilo mbili za sembe kwa mwezi ziwe za mlangoni. Zikiisha, jibu ni la kweli: zimeisha.

LUKU haikushuka, na haikuwa kosa lao. Bei ya chini ya umeme wa majumbani inakwenda kwa mita ambayo matumizi yake ya wastani hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Hapo wapangaji wanne wanatumia mita moja na kwa pamoja wanavuka mbali, kwa hiyo kila mmoja analipa bei ya juu ya uniti hata kama yeye anawasha taa mbili na redio. Kodi ya jengo nayo, inayokatwa kupitia LUKU tangu 2021, ni ya mwenye nyumba. Wapangaji walikubaliana naye aifidie kwenye bili ya maji.

Julai

Sh 195,000 si Sh 480,000. Mwezi mmoja kabla, mwishoni mwa Mei, walikwenda kwa mwenye nyumba na kuomba kulipa miezi mitatu mitatu. Kwenda mapema ndiko kulikomfanya akubali; anayekwenda tarehe 30 anaonekana anakimbia deni. Miezi mitatu ni Sh 240,000, pengo ni Sh 45,000. Mama akakopa kikoba, ambako hisa zake za tangu Januari zilimruhusu, kwa riba ya asilimia 10 mara moja: anarudisha Sh 49,500 kwa miezi mitatu, Sh 16,500 kila mwezi. Linganisha na wakopeshaji wa kausha damu waliokuwa tayari kumpa baba Sh 400,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Riba peke yake ni Sh 80,000 kila mwezi, kodi nyingine kamili juu ya kodi, na mtaji bado uko palepale.

Sh 16,500 hazimo ndani ya Sh 9,500 za dharura. Baba akaongeza siku za hotpoti kutoka 13 hadi 20 kwa miezi hiyo mitatu, ambayo ni nafuu ya Sh 14,000. Sasa zipo Sh 23,500, marejesho yakitoka zinabaki Sh 7,000. Homa moja ya mtoto inaweza kuzimaliza. Ikitokea, kinachosimama kwa mwezi mmoja ni maziwa ya chai na nyama ya Jumapili, kodi haiguswi. Mstari huo umeandikwa kwenye jalada la daftari, kwa mwandiko wa baba, na daftari bado linaning'inia pale mlangoni.